Malighafi ya Viwanda vya Mbao Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wapanda miti, wachana mbao na wanunuzi wa Mufindi, Kilolo, Njombe na maeneo jirani. Yanarudi kila msimu, kwa hiyo majibu yamewekwa hapa pamoja. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanajibika kwa sentensi chache.

Kutoka Mafinga hadi Makambako ni miti mitupu kando ya barabara. Iweje viwanda vilalamike kukosa magogo?

Ukiwa kwenye basi unaona kijani, huoni umri. Kiwanda cha mbao kinahitaji mti uliofikisha unene fulani, na unene huo hauji kabla ya miaka mingi kupita. Sehemu kubwa ya miti unayoiona kando ya barabara hiyo ni michanga.

Chanzo cha hali hii ni historia. Shamba la Miti Sao Hill, ambalo sasa liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), lina eneo la zaidi ya hekta 135,000, ingawa si lote lililopandwa. Ndani yake kuna misitu ya asili na vyanzo vya maji. Upandaji wake mkubwa ulifanyika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, lengo mojawapo likiwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Baadaye fedha zikapungua na kasi ya upandaji ikashuka. Mti ambao haukupandwa mwaka 1993 hauwezi kuvunwa mwaka 2015, hata uwe na pesa kiasi gani. Kisha kuanzia miaka ya 2000 wananchi wakaingia kwa nguvu: wanavijiji, watumishi, wafanyabiashara wa Dar es Salaam walionunua ekari Mufindi na Njombe bila hata kuzitembelea. Matokeo yake tuna miti michanga mingi, ya makamo michache, na mikubwa inayogombaniwa.

Kwa nchi nzima, tathmini ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015, maarufu kwa jina la NAFORMA, ilikadiria upungufu wa mita za ujazo milioni 19.5 za miti kwa mwaka. Usidhani zote hizo ni mbao. Kuni na mkaa ndivyo vinavyomeza sehemu kubwa zaidi.

Ugavi endelevu wa malighafi ni nini hasa? Si kukata mti na kupanda mwingine?

Hiyo "kata mti panda mti" ni kaulimbiu nzuri ya kubandika ukutani, lakini haiendeshi kiwanda. Kinachotakiwa ni kila mwaka uwe na eneo lililokomaa la kuvuna, na nyuma yake maeneo ya umri wa mwaka mmoja mmoja yakifuatana hadi kwenye miche iliyopandwa msimu huu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kiwanda kinahitaji mita za ujazo 30,000 za magogo kwa mwaka. Msindano (paina) kwenye ardhi nzuri ya huku, ukitunzwa, unaweza kuongeza wastani wa mita za ujazo 15 kwa hekta kwa mwaka. Ukiuacha miaka 20, hekta moja inakupa mita 300. Kiwanda chetu basi kitavuna hekta 100 kila mwaka, na ili kisisimame kinahitaji hekta 2,000 zenye umri uliopangika. Siyo hekta 2,000 zilizopandwa mwaka mmoja. Hizo zitakomaa zote kwa mpigo, bei itaanguka, na baada ya hapo ni ukame wa miaka ishirini.

Sasa ongeza swali ambalo wengi hulisahau: katika magogo hayo, mbao zinazotoka ni kiasi gani? Mashine ikitoa asilimia 35, mita 30,000 zinakuwa mita 10,500 za mbao. Mashine ikitoa asilimia 50, mbao zile zile 10,500 zinahitaji mita 21,000 tu za magogo, yaani hekta 70 kwa mwaka na shamba la hekta 1,400. Hekta 600 zimeokolewa bila kupanda hata mche mmoja. Ndiyo maana ukituuliza wapi pa kuanzia, tutakupeleka kwenye mashine na kwenye umri wa kukata kabla ya kukupeleka kitaluni.

Kaka, nina ekari tatu za misindano ya miaka tisa. Dalali amekuja na pesa taslimu, na mtoto anaanza kidato cha kwanza. Niuze?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na anayejibu "subiri" bila kutazama ada ya shule hajawahi kupanda miti.

Tuanze na unachopoteza. Ujazo wa gogo unakua kwa mraba wa kipenyo. Gogo la sentimita 30 lina ujazo mara nne wa gogo la sentimita 15 lenye urefu uleule. Kwenye gogo la sentimita 15 utapata mbao mbili za inchi mbili kwa nne, tena kwa shida, na pande zote nne ni mabanzi. Kwenye la sentimita 30 utapata nane, na pembeni bado kuna unene wa kutoa mbao za inchi moja. Mti wa miaka tisa uko kwenye kundi la kwanza. Miaka inayofuata ndiyo unene unaoongeza thamani kwa kasi, na wewe unauza mlangoni mwa miaka hiyo. Kwa maneno mengine, dalali anakununulia miaka yako ijayo kwa bei ya leo.

Kuna jambo la pili ambalo mwenye nyumba hulijua akishapaua. Mti wa msindano ukiwa mchanga hutengeneza mbao laini, nyepesi, zenye tabia ya kupinda. Pete za miaka takribani kumi ya kwanza ziko hivyo. Mti wa miaka tisa, basi, ni wa namna hiyo kuanzia kiini hadi gome. Mbao zake zinauzwa, ndiyo, lakini kwa kazi za muda kama kushikilia zege, na bei yake inafuata kazi hiyo.

Ushauri wetu: usiuze shamba zima. Panga kuuza miti ya kupunguzia. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ina miti takribani 450, na ikiwa na umri wa miaka tisa au kumi inatakiwa ipunguzwe hata hivyo, hadi kwenye 260 au 270 hivi kwa ekari. Toa iliyopinda, iliyodumaa, yenye vichwa viwili. Inanunuliwa kwa nguzo za ujenzi, fito na vinia, yaani tabaka nyembamba za mti za kutengenezea plaiwudi. Ada ya mwaka huu inaweza kupatikana humo, na miti iliyobaki inapata mwanga na nafasi ya kunenepa.

Na ukiuza, pima. Kuuza kwa macho, dalali akisimama barabarani na kusema "hapa pana milioni kadhaa", ndiko kunakowafukarisha watu. Chukua utepe, pima kipenyo usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini, kwenye miti ya mistari michache iliyochaguliwa bila upendeleo, kisha mwombe ofisa misitu wa wilaya au mtu wa ushirika wa wapanda miti akusaidie kupata ujazo. Mnunuzi makini hatakasirika. Akikasirika umeshajua jambo.

Mtu wa kawaida ataishije miaka 18 au 20 akisubiri mti?

Asipande shamba lote mwaka mmoja. Mwenye ekari kumi akipanda moja kila mwaka, baada ya kusubiri kwa mara ya kwanza anakuwa na kitu cha kuvuna kwa miaka kumi mfululizo. Miaka miwili ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga, mahindi na maharage hukaa kati ya mistari, na palizi ya mahindi ndiyo palizi ya miti. Mizinga ya nyuki inafaa pia, hasa penye mikaratusi. Sao Hill kuna uvunaji wa utomvu kwenye misindano iliyokaribia kuvunwa, kazi inayoingiza fedha kabla shoka halijafika.

Mwenye ardhi ndogo sana achanganye: mikaratusi ya nguzo sehemu moja, misindano ya mbao sehemu nyingine. Mkaratusi wa nguzo ya umeme unaweza kuwa tayari kati ya miaka 8 na 12, na baada ya kukatwa huchipua tena kwenye kisiki. Usambazaji wa umeme vijijini umeongeza uhitaji wa nguzo, lakini mnunuzi wa nguzo ni mkali: mti uwe umenyooka, usiwe na ufa, urefu na unene viwe vya daraja. Isiyofaa inaishia kuwa kuni, na bei ya kuni unaijua.

Ding dong zipigwe marufuku?

Hapana. Tunajua jibu hili haliwafurahishi wenye viwanda vikubwa.

Ding dong, kwa asiye wa huku, ni mashine ndogo ya kuchana mbao inayofuata miti shambani, yenye injini ya dizeli na msumeno wa duara. Lawama zake ni za kweli. Msumeno wake ni mnene, kila mpasuo unageuza milimita sita hadi nane za mti kuwa vumbi, wakati msumeno wa utepe unakula milimita mbili au tatu. Fremu ikilegea mbao moja inakuwa nene huku na nyembamba kule. Usalama wa wachanaji wenyewe ni aibu. Wengi hawana kinga ya macho wala ya masikio.

Lakini ding dong ndiyo inayofika kwenye ekari mbili za bibi kule ambako lori la magogo halipiti masika, na inatoa ajira kwa vijana ambao kiwanda kikubwa hakitawaajiri. Ukiiondoa leo, mti wa mkulima mdogo unabaki bila mnunuzi. Afadhali mwenye ding dong asaidiwe kunoa msumeno ipasavyo, kunyoosha fremu, na polepole kuhamia kwenye msumeno wa utepe kwa mkopo unaolipika. Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao ambacho mafundi wengi wamepita. Fundi aliyefunzwa anapunguza vumbi hata kwa mashine ile ile kuukuu.

Viwanda vya vinia vimekuja kwa wingi. Ni neema au balaa?

Vyote viwili, inategemea uko upande gani wa uzio. Mashine zake huzungusha gogo na kulimenya kama unavyomenya kiazi, na zinaweza kutumia gogo jembamba ambalo mchana mbao hulikataa. Kwa mkulima mwenye miti ya kupunguzia hilo ni soko ambalo zamani halikuwepo. Kwa nchi ni plaiwudi inayotengenezwa hapa badala ya kuagizwa.

Ubaya wake unaanza pale soko la gogo jembamba linapomfanya mkulima aone hakuna haja ya kusubiri. Shamba lililokuwa liwe la mbao za kupaulia linaishia kwenye vinia likiwa na miaka minane. Wenye viwanda vya vinia nao wataumia, maana wakishamaliza michanga ya karibu watalazimika kuifuata mbali zaidi kila mwaka. Tungependa kuona bei inayopanda waziwazi kwa kila daraja la unene, imebandikwa kwenye lango la kiwanda, ili mkulima aone kwa macho yake faida ya kusubiri. Kiwanda kinacholipa bei moja kwa magogo yote kinaagiza miti michanga bila kujua.

Miche ya barabarani ni ya bei rahisi. Tatizo lake nini?

Hujui mama yake. Mbegu nyingi za vitalu vya mitaani zinaokotwa kwenye mti wowote ulio karibu, na mti ulio karibu mara nyingi ndio ule mfupi wenye matawi mengi, kwa sababu ndio rahisi kuukwea. Kosa hilo unalibeba miaka ishirini. Tafuta mbegu yenye chanzo kinachojulikana, kutoka TFS au mashamba ya mbegu yaliyoboreshwa. Wengi huku hupanda msindano aina ya Pinus patula. Kwenye maeneo ya chini na yenye joto zaidi watafiti wamekuwa wakijaribu Pinus tecunumanii na Pinus maximinoi, na matokeo yanatia moyo.

Usiweke kila kitu kwenye aina moja. Afrika Mashariki imekwisha kuadhibiwa: ugonjwa wa majani uliifukuza Pinus radiata kwenye mashamba miaka ya 1960, na miaka ya 1980 mwishoni vidukari vya misanduku (miti ya saipresi) viliingia kutoka kusini na kukausha miti ya aina hiyo kuanzia Malawi hadi Kenya.

Mikaratusi inakausha maji. Kweli au uzushi?

Mkaratusi unakua haraka, na mti unaokua haraka unakunywa sana. Ukiupanda mlimani penye udongo mkavu, madhara kwa jirani ni madogo. Ukiupanda bondeni, kando ya kijito, umeuweka mdomo kwenye mtungi wa kijiji. Wakulima wa Iringa na Njombe wanaolima vinyungu (bustani za mabondeni) wakati wa kiangazi wanalijua hili bila kusomewa ripoti. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au chanzo cha maji ziachwe bila shughuli za kudumu. Ziache. Penye maji weka miti ya asili.

Moto uliteketeza shamba la jirani mwaka jana. Nijikinge vipi?

Peke yako huwezi. Njia ya moto ya mita sita kuzunguka ekari mbili inakula ardhi yako nyingi, na bado moto ukiwa na upepo wa Septemba unaruka. Wenye mashamba yanayopakana wakifyeka njia moja pana kuzunguka mashamba yote, gharama inagawanyika. Msimu wa hatari ni kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, na mioto mingi huanzishwa na watu: wanaosafisha mashamba, warina asali, wawindaji, na mara nyingine mtu mwenye kinyongo.

Hapo ndipo lilipo jambo lisilosemwa sana. Shamba la mtu wa mjini ambaye kijiji hakimjui halizimwi kwa haraka. Mwenye shamba anayehudhuria misiba, anayeajiri vijana wa hapo kwa palizi na kupogolea, na ambaye mipaka yake imo kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, akipiga simu watu wanatoka na matawi mkononi.

Kwa nini serikali isizuie uvunaji kwa miaka kadhaa ili miti ipumzike?

Kenya imejaribu. Katazo la mwaka 1999 kwenye misitu ya serikali lilidumu zaidi ya muongo mmoja, likiacha nje viwanda vichache vikubwa. Februari 2018 likaja katazo jingine, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuliondoa, akieleza kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni huku wananchi wakikosa mbao. Katikati ya hapo wanunuzi wa Kenya walikuja kwetu, na sehemu ya mbao za kupaulia za Nairobi ilianza safari yake Mafinga.

Msitu wa asili ulioharibiwa unaweza kuhitaji kufungwa, hilo halina ubishi. Shamba la kupandwa ni jambo tofauti. Ukilifunga, miti iliyokomaa inazeeka bila kuongezeka, eneo halipandwi upya, na viwanda vidogo vinakufa. Ukilifungua baada ya miaka mitano unakuta pengo jipya la umri ambalo wajukuu watalikuta.

Na mbao ngumu za asili? Mninga, mkongo, mpingo?

Zinakua polepole mno kushindana na mahitaji, na ding dong haina kazi huko. Mfano wa kutazama ni Kilwa, mkoani Lindi. Vijiji vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vikahesabu miti, vikapanga kiasi cha kuvuna, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, cha kimataifa kwa misitu inayosimamiwa vizuri, kupitia mradi wa mpingo unaoendeshwa huko. Vijiji vinauza mti vyenyewe na mapato yanabaki kijijini. Ujazo ni mdogo, haulishi kiwanda kikubwa, na hilo si kasoro yake.

Majirani wanang'oa miti wapande parachichi. Niwafuate?

Parachichi lililopandikizwa linaanza kuzaa miaka mitatu au minne baadaye, kwa hiyo tunaelewa haraka yao. Lakini linataka maji kiangazi, mbolea, dawa, na gari la kufika kabla tunda halijaiva. Ardhi tambarare karibu na barabara na maji: sawa, weka parachichi. Mteremko wa mbali, wenye udongo mwembamba: acha msindano.

Nahitaji karatasi gani kusafirisha mbao zangu mwenyewe?

Umiliki wa miti hauondoi utaratibu. Anzia ofisi ya kijiji upate uthibitisho kwamba shamba ni lako, kisha ofisi ya misitu ya wilaya kwa ajili ya kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, pamoja na ushuru wa halmashauri. Mbao zikaguliwe na kugongwa nyundo ya alama ya misitu kabla ya kupakiwa. Hati ina muda wake, hivyo usiikate wiki moja kabla lori halijapatikana. Ikiisha ukiwa njiani, kizuizini hawasikilizi hadithi ya gia iliyovunjika pale mlima Kitonga.